Sura ya Tano: Likizo Isiyopitia Ubalozini

Embe za Makueni huanza kujaa sokoni mwezi wa Novemba, na kuanzia hapo hadi Machi hela huzunguka Wote, Kalamba na Kathonzweni kuliko msimu mwingine wowote. Desemba nayo ni mwezi wa mgao: vyama vya akina mama na vya walimu huvunja akiba ya mwaka na kila mwanachama akapewa chake. Ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui, anayetegemea ndengu hungoja hadi Januari au Februari. Pesa zikishaingia, na karo ikishatengwa, huzuka swali ambalo zamani halikuwa na mjadala: likizo hii twende wapi?

Zamani jibu lilikuwa Mombasa, na bado si jibu baya. Tangu reli mpya ianze kubeba abiria mwaka 2017, mkazi wa Makueni ana stesheni tatu za jirani, Emali, Kibwezi na Mtito Andei, na treni inayosimama vituoni humfikisha pwani bila kumrudisha Nairobi kwanza. Mtu wa Mutomo au Ikutha naye siku hizi hushuka kwa lami mpaka Kibwezi. Ila Mombasa ikishazoeleka, macho huvuka mpaka. Kwenye kundi la WhatsApp la chama huanza kupita picha: Zanzibar, Kigali, Cape Town, Dubai, Bangkok. Mwenye simu nzuri huongeza nyingine, na baada ya wiki moja chama kizima kimeshaanza kubishana kuhusu hoteli.

Ubishi huo umeanzia mwishoni. Kwa mwenye pasipoti ya Kenya, la kwanza la kuuliza kuhusu nchi yoyote ni jinsi mtu anavyoingia: kwa kitambulisho, kwa pasipoti tupu, kwa fomu ya mtandaoni, au kwa viza inayoombwa miezi kabla. Uzuri wa ufuo na bei ya chumba huja baadaye. Chama kikishajibu swali la mlango, orodha ya nchi hujipunguza yenyewe, na mara nyingi zinazobaki ndizo ambazo hela za embe zinaweza kuzifikia.

Kampuni ya Henley & Partners, ambayo hupanga pasipoti za dunia kwa nguvu zake, katika miaka ya karibuni imeihesabia ya Kenya nchi na maeneo sabini na kitu ambako mwenyewe huingia bila kuomba viza mapema. Ya Thailand huhesabiwa themanini na kitu. Wengi wakisikia hivyo hushangaa, kwa kuwa Thailand hupokea watalii wengi mno na mtu hudhani raia wake hufunguliwa kila mlango. Kwa kweli Mthai na Mkenya hupanga likizo kwa hesabu zinazofanana: kwanza majirani, kisha nchi chache rafiki zilizo mbali, na kote kwingine ni foleni ya ubalozi.

Idadi yenyewe haimsaidii sana msafiri. Ndani ya zile sabini za Mkenya mna visiwa vya Pasifiki ambavyo nauli yake ingenunua shamba, na vya Karibea kama Jamaica na Barbados, ambako Mkenya huingia bila viza lakini ndege za kufika huko nyingi hupitia London au miji ya Marekani. Uingereza humtaka Mkenya awe na viza hata akiwa anabadili ndege tu bila kutoka uwanjani, na Marekani haina njia ya kupita bila viza. Mtu aweza basi kukaribishwa Kingston bure na bado ashindwe kufika. Hesabu ya maana ni ile inayoanzia Wote au Mwingi: nchi ngapi zinafikika, kwa njia ipi, kwa karatasi zipi.

Kusafiri mbali si jambo jipya Ukambani. Katika karne ya 19 Kivoi wa Kitui aliongoza misafara ya pembe za ndovu hadi pwani, safari ya majuma, na mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alipotaka kuingia bara alimtegemea yeye. Ni akiwa Kitui, tarehe 3 Desemba 1849, ndipo Krapf alipouona Mlima Kenya. Safari ya mto Tana mwaka 1851 ndiyo iliyomuua Kivoi, msafara uliposhambuliwa. Hatari zilikuwepo, karatasi hazikuwepo. Karatasi zililetwa na ukoloni: sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, ikamvisha mwanamume Mwafrika kipande ndani ya kijaluba cha bati shingoni, na hakuweza kutoka kazi moja kwenda nyingine bila hicho. Kitambulisho cha leo kina ukoo na kipande kile, lakini sasa kimegeuka faida. Kwa nchi mbili za jirani, ndicho tiketi.

Nchi hizo ni Uganda na Rwanda. Tangu Januari 2014 Mkenya mwenye kitambulisho cha taifa huvuka kwenda huko bila pasipoti, iwe kwa basi kupitia Busia au Malaba, iwe kwa ndege hadi Entebbe au Kigali. Hakuna fomu ya ubalozi wala taarifa ya benki. Afisa wa uhamiaji huchukua kadi, huitazama, humtazama mwenyewe.

"Mama, unaenda wapi?"

"Jinja, mwanangu. Tunarudi Jumapili."

"Kadi ya njano?"

Hapo kwenye swali la tatu ndipo safari nyingi hukwama. Kadi ya njano ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na Uganda, Rwanda na Tanzania zote huweza kumdai Mkenya aionyeshe. Chanjo hutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo anayekimbilia sindano siku ya kuondoka amechelewa. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 Shirika la Afya Duniani limekubali chanjo moja itoshe maisha yote. Waliochanjwa zamani na kuandikiwa miaka 10 hawahitaji kurudia. Chama chenye wanachama ishirini kikitaka kuvuka mpaka Desemba, chanjo ndiyo shughuli ya kwanza, na ifanyike kabla hata ya kukodi basi.

Jinja inamfaa mtu anayetoka kwenye ukame wa Kitui kwa sababu moja: maji. Mto Nile hutoka pale katika Ziwa Victoria, na daraja jipya la nyaya lililofunguliwa Oktoba 2018 limekuwa kivutio lenyewe. Kwa mtu ambaye bibi yake alikuwa akichimba mchanga wa mto uliokauka ili ateke debe moja, kusimama juu ya mto usiokauka ni likizo tosha. Kigali nayo ina mambo yake. Kumbukumbu ya mauaji ya kimbari iliyoko Gisozi, ambako wamezikwa zaidi ya watu 250,000, si mahali pa kupeleka watoto wadogo, ila mtu mzima akienda Rwanda akaiacha atakuwa amekwenda nusu. Anayepeleka gari lake akumbuke kwamba Rwanda huendesha upande wa kulia. Na mifuko ya plastiki aiache nyumbani. Rwanda iliipiga marufuku 2008, miaka tisa kabla ya Kenya.

Kitambulisho kina kasoro moja kubwa: watoto hawana. Chama cha wazee na walimu kinaweza kwenda Kigali kwa kadi mfukoni, lakini mzazi anayetaka kwenda na wanawe wa darasa la nne na la saba kwa kawaida hulazimika kurudi kwenye pasipoti. Ndiyo maana safari za vyama ni rahisi kuliko za familia, ingawa matangazo ya mawakala yamejaa picha za baba, mama na watoto wawili wakicheka.

Kati ya majirani wote, anayestahili kuzungumzwa kwa kirefu ni Tanzania. Ndiyo iliyo karibu zaidi na Makueni, na ndiyo watu wa Makueni huisahau zaidi. Asubuhi isiyo na mawingu mtu aliyesimama Emali au kwenye miteremko ya Chyulu huuona Kilimanjaro wote, na theluji yake. Watoto wa Kibwezi wanakua nao machoni. Lakini ukiuliza ni wangapi wamewahi kufika upande wa pili, wengi watataja ndugu aliyeko Nairobi aliyepitia Namanga kikazi.

Njia ipo na si ndefu. Kutoka Emali barabara ya lami hukata magharibi ya Chyulu hadi Loitokitok, takribani kilomita 100, na mpaka wa Tarakea hauko mbali. Ukivuka, barabara ya Rombo hupanda na kushuka chini ya mlima kupitia Mkuu na Mwika hadi Himo, katikati ya migomba na kahawa, na kila kona ina duka, kanisa na mtu anayeuza ndizi. Kutoka Himo hadi Moshi ni mwendo mfupi. Anayekuja na treni au basi la Mombasa aweza kuteremka Voi, apande gari la Taveta, avuke Holili. Asiyetaka kuupanda mlima wenye mita 5,895 ana maporomoko ya maji ya Marangu na Materuni, na chemchemi za Chemka upande wa Hai, ambazo maji yake ni ya samawati na maangavu mpaka mtu huona vidole vyake vya miguu akiwa amezama hadi kifuani.

Kitambulisho peke yake hakitoshi Tanzania. Mkenya huhitaji pasipoti, au kibali cha muda cha kusafiria kinachotolewa na Idara ya Uhamiaji ya Kenya. Viza haitakiwi. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hugongewa muhuri na kupewa muda wa kukaa bila malipo, wakati mtalii wa Ulaya aliye nyuma yake kwenye foleni analipia. Tofauti hiyo huendelea langoni mwa hifadhi: Tanzania humtoza raia wa Afrika Mashariki kwa shilingi, mgeni wa mbali kwa dola, na pengo kati ya bei hizo mbili ni kubwa sana. Uganda hufanya vivyo hivyo kwa sokwe wa milimani: mgeni wa nje hulipa dola 800 kuwaona kwa saa moja, naye mwana Afrika Mashariki hutozwa sehemu ndogo tu ya hizo. Faida hii haionekani kwenye orodha yoyote ya nguvu za pasipoti, na kwa mfuko wa kawaida ni kubwa kuliko ya viza yenyewe.

Tatizo la Tanzania kwa Mkenya ni mazoea ya kudhani kwamba lugha moja ni sheria moja. Gari la binafsi linahitaji kibali cha kuingizwa kwa muda na bima ya kuvuka mpaka, na mwenye gari awe na hati yake ya umiliki, si nakala ya simu. Bidhaa za kuuza si mizigo ya likizo. Mama aliyebeba vikapu ishirini vya kiondo "vya zawadi" atajieleza kwa watu wa forodha mpaka jua lizame.

Basi pasipoti haikwepeki kwa anayetaka kwenda mbali zaidi ya majirani hawa. Kenya ilianza kutoa pasipoti za kielektroniki za Afrika Mashariki Septemba 2017. Ada ilipandishwa Machi 2024: ile ya kurasa 34 ikatoka shilingi 4,550 hadi 7,500. Familia ya watu wanne basi hutumia 30,000 kabla haijanunua hata tiketi moja. Ni hela nyingi, lakini ni hela za miaka 10 kwa mtu mzima, na hiyo ndiyo njia ya haki ya kuzihesabu.

Ombi hujazwa kwenye eCitizen, na kwa wengi maana yake ni kwenda saiba Wote au Kitui mjini, kumlipa kijana ajaze, kisha kuchapisha fomu na kutafuta mtu wa kumdhamini. Picha na alama za vidole huchukuliwa ofisini kwa Uhamiaji. Watu wengi wa Kitui na Makueni hukimbilia Nyayo House, Nairobi, kwa mazoea. Wa Mwingi na Kitui kaskazini wangefanya vizuri kukumbuka kwamba kuna ofisi Embu pia.

Kinachowachelewesha watu hasa ni majina. Mtoto alizaliwa nyumbani, cheti cha kuzaliwa kikaandikwa miaka kumi baadaye na karani asiyejua Kikamba: Mwikali ikawa Muikali, Syombua ikawa Siombua. Kitambulisho kikafuata matamshi ya mtu mwingine, cheti cha shule cha mwingine tena. Maisha yote yakaenda vizuri, kwa kuwa kijijini kila mtu anajua Syombua ni nani. Kompyuta ya Uhamiaji haimjui. Kurekebisha herufi moja kunaweza kuhitaji hati ya kiapo, barua ya chifu na safari kadhaa, na hakuna wakala wa kweli awezaye kuiruka hatua hiyo. Mwenye kutaka kusafiri mwakani na ambaye hajawahi kuwa na pasipoti, leo jioni ainyooshe mezani kadi yake na cheti chake, asome herufi kwa herufi.

Pasipoti ikishapatikana, mlango mkubwa uliofunguka katika miaka hii ni Afrika Kusini. Kwa muda mrefu Mkenya aliombwa viza yenye karatasi tele huku Mwafrika Kusini akiingia Nairobi bila shida. Rais Cyril Ramaphosa alipozuru Nairobi Novemba 2022 yeye na Rais William Ruto walikubaliana kuimaliza dhuluma hiyo, na kuanzia tarehe 1 Januari 2023 Mkenya mwenye pasipoti ya kawaida huingia Afrika Kusini bila viza, hadi siku 90 kwa mwaka. Safari ya ndege hadi Johannesburg ni saa nne hivi. Mtu wa Makueni ana bahati ya jiografia: uwanja wa Jomo Kenyatta uko kando ya barabara ya Mombasa, naye huufikia kabla hajakutana na msongamano wa katikati ya Nairobi. Soweto na Robben Island ni mahali ambapo mwalimu wa historia hahitaji kiongozi. Cheti cha homa ya manjano hutakiwa huko pia.

Ethiopia imemfungulia Mkenya kwa makumi ya miaka, na ni ajabu kwamba wachache huikumbuka isipokuwa wanapobadili ndege Addis Ababa. Mauritius haidai viza. Shelisheli haidai viza kwa mtu yeyote duniani, ila hutaka kibali cha mtandaoni kinacholipiwa, na bei za huko hazina huruma. Benin na Gambia zimewafungulia Waafrika wote, kama ilivyofanya Rwanda. Kenya yenyewe ilifuta viza kwa dunia nzima Januari 2024, ikaweka kibali cha mtandaoni badala yake, na 2025 ikawaondolea kibali hicho karibu Waafrika wote, isipokuwa Wasomali na Walibya. Hatua kama hizo hulipwa kwa hatua. Ghana na Kongo ni mifano: kuanzia Septemba 2023 Mkenya huvuka kwenda Kongo bila viza, ingawa kwa sasa vita vya mashariki mwa nchi hiyo vimeifanya Goma isiwe mahali pa likizo.

Asia ndiyo huwashangaza watu. Singapore, Malaysia na Ufilipino humpokea Mkenya bila viza, kwa kawaida siku 30. Maldives humgongea kila mgeni viza ya bure anapofika. Thailand, ambayo picha zake ndizo hujaa simu kuliko zote, humtaka Mkenya aombe viza kabla. Anayetamani miji mirefu, vyakula vya barabarani na bahari ya joto atavipata Kuala Lumpur na Penang bila kupanga foleni popote. Huu ni uamuzi rahisi ambao mawakala wengi hawausemi, kwa kuwa viza inapohitajika ndipo nao hupata ada ya huduma.

Kuingia bila viza hakumaanishi kuingia bila maandalizi. Malaysia na Singapore hutaka fomu ya kuwasili ijazwe mtandaoni siku chache kabla, na ni bure. Tovuti inayodai dola kwa fomu hiyo ni ya matapeli. Pasipoti iwe na angalau miezi sita iliyobaki. Tiketi ya kurudi, jina la hoteli na hela za kutosha huulizwa. Mwishowe anayeamua ni afisa aliye kwenye kidirisha.

Wathai wanalijua hili kwa uchungu. Japani iliwaondolea viza Julai 2013, na wasafiri wa Thailand kwenda Japani, ambao 2012 walikuwa takribani 260,000, wakapita milioni moja mwaka 2018. Korea Kusini nayo haikuwadai viza kwa miongo mingi, lakini siku hizi hutaka kibali cha mtandaoni, na kwa kuwashuku kuwa wengi huja kutafuta kazi huwauliza maswali makali uwanjani. Mwishoni mwa 2023 Wathai waliorudishwa kutoka Seoul, wengine wakiwa na hoteli na tiketi mkononi, walijaa mtandaoni wakihimizana kuisusia Korea. Kila anayeingia kwa likizo kisha akabaki kufanya kazi humwongezea maswali mwenzake wa mwaka ujao. Wakenya wanaopitia viwanja vya Ghuba na Asia wameanza kuyaonja hayo hayo.

Ulaya nayo? Ada ya viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, yaani zaidi ya shilingi 12,000, na hazirudishwi ombi likikataliwa. Huongezwa bima ya matibabu ya euro 30,000, miadi ya Nairobi, na siku 15 au zaidi za kungoja. Lakini kikwazo kikubwa ni taarifa ya benki. Mkulima wa embe wa Kathonzweni anaweza kuwa na hela kuliko karani wa Nairobi, ila zake ziliingia kwa mkupuo mwezi wa Januari, zikatoka kwa mkupuo: karo, dawa ya nzi wa matunda, mabati ya paa. Afisa wa ubalozi anapotazama akaunti iliyolala miezi tisa kisha ikafura ghafla, huona mtu aliyekopeshwa hela za kuonyesha. Karani mwenye mshahara mdogo unaoingia kila tarehe 28 ana nafasi nzuri zaidi. Nchi zisizodai viza hazimuulizi mkulima aeleze msimu wake kwa mtu ambaye hajawahi kuuona mwembe. Kwa hiyo anayeishi kwa mavuno, kwa biashara ya soko au kwa kuchonga vinyago ana sababu nzito zaidi ya kuziweka mbele.

Safari za utalii zimetumiwa pia na walaghai. Mwaka 2022 Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya ilitoa onyo kuhusu kazi bandia za Thailand. Vijana waliahidiwa kazi za huduma kwa wateja, wakapelekwa Bangkok kama watalii, kisha wakavushwa kwa siri hadi Myanmar na kufungiwa kwenye makambi ya utapeli wa mtandaoni. Wengine waliokolewa mwaka huo; mapema 2025 makumi ya Wakenya wengine walitoka katika makambi hayo na kukwama mpakani wakingoja kurudishwa. Wakala anayesema "utaingia kwa viza ya likizo, karatasi za kazi utapewa huko" anauza mtego, na haijalishi kama ni binamu, mshirika wa kanisa au mtoto wa jirani. Ghuba ina hadithi kama hizo, na kila kata ya Kitui inamjua mtu aliyezipitia.

Tuseme basi chama cha walimu 12 wa Wote kina 25,000 kwa kila mwanachama na siku tano mwezi wa Desemba. Kwa mwaka wa kwanza Moshi kwa njia ya Tarakea inatosha, na hela zitabaki. Wasio na pasipoti waende Jinja kwa kitambulisho. Cape Town iwekewe akiba ya miaka miwili, pasipoti zikatwe katikati ya muda huo msimu wa embe ukiwa umelala na ofisi hazijafurika. Kuala Lumpur ije baadaye. Paris ibaki kwa mwenye mshahara na subira.

Chochote kitakachochaguliwa, anayetaka kuvuka mpaka Desemba aanze Juni: kwanza cheti cha kuzaliwa na herufi za jina, kisha pasipoti, kisha chanjo si chini ya siku 10 kabla ya safari, na kwa watoto idhini ya wazazi wote wawili. Wiki moja kabla ya kulipa tiketi, msafiri aangalie masharti kwenye tovuti rasmi ya uhamiaji ya nchi anayokwenda, kwa kuwa sheria za viza hubadilika katikati ya mwaka, na asipoyatimiza masharti shirika la ndege litamzuia Nairobi bila kumrudishia nauli.